Mkuyu: gome lake, utomvu wake na mgonjwa

Mahali penye mkuyu, mara nyingi maji hayako mbali. Mti huu, uitwao na wanasayansi Ficus sycomorus, huota kandokando ya mito, huweza kupita urefu wa mita 20, na matunda yake, makuyu, hutoka kwa vishada shinani na kwenye matawi makubwa. Maua yake hayaonekani: yamo ndani ya kuyu, na nyigu mdogo sana ndiye ayachavushaye. Wamisri wa kale walichonga majeneza kwa mbao zake.

Katika tiba asili ya Afrika, maji ya gome lililochemshwa hunywewa kwa kikohozi, maumivu ya kifua na kuhara. Utomvu mweupe hupakwa kwenye mapunye. Si mambo ya kubezwa. Gome lina tanini, ambazo hukaza tishu, na dondoo zake zimedhoofisha baadhi ya bakteria maabarani. Hata hivyo, sufuria ya nyumbani haina kipimo.

Utomvu ndio wa kuogopwa zaidi. Miti kadhaa ya jamii hii hutoa fisini, kimeng'enya kinachomeng'enya protini. Maabara za damu hukitumia kuandaa chembe nyekundu wakati wa kutafuta kingamwili. Ngozi na jicho navyo vimejengwa kwa protini. Utomvu wa mtini, ndugu wa mkuyu, ukigusa ngozi kisha ikapigwa na jua, huweza kuleta malengelenge. Ukiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa afikishwe kituoni.

Kwa mtoto anayehara, hatari kubwa ni maji yanayompotea wakati gome linachemka. Kwanza apewe ORS, aendelee kunyonya, na apate zinki kwa siku 10 hadi 14. Macho yakibonyea, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, apelekwe kituoni bila kungoja.

Mhudumu naye ana wajibu wake. Mama aliyekemewa mara moja kwa sababu ya dawa ya miti shamba, safari ijayo atanyamaza. Aulizwe kwa upole, “Mama, mtoto amekunywa nini nyumbani?” Jibu liandikwe kwenye faili: mti gani, sehemu gani, kiasi gani, tangu lini. Kama kipande cha gome kimesalia, aombwe akilete.