Ngitili Ndiyo Hima Yetu

Mvua ikichelewa na ng'ombe wakaanza kuonyesha mbavu, wengi wetu hapa Kishapu husema kwamba nchi hii imelaaniwa. Ndugu zetu katika imani, tusiiharakie kauli hiyo.

Ardhi kame ni takriban asilimia 40 ya ardhi yote ya dunia, na watu zaidi ya bilioni mbili huishi humo. Wataalamu hulinganisha mvua ya mwaka na maji ambayo jua na upepo vingeweza kuyakausha. Mvua isipofika asilimia 65 ya kiasi hicho, nchi huhesabiwa kuwa kame. Upande mmoja yapo majangwa makavu kabisa, kama Sahara na Rub' al-Khali ya Arabuni. Upande wa pili zipo nchi za nusu ukame, zenye nyasi, mifugo na mashamba: Saheli, kaskazini-mashariki mwa Brazili, Dodoma, Singida, na sisi. Basi Kishapu si jangwa. Yaweza kuharibiwa, na yaweza kuponywa.

Yote mawili yamekwisha kutokea. Zama za ukoloni misitu ya Usukuma ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka na mifugo ikaongezeka. Mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Siri yake ilikuwa desturi ya wazee wetu: kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, na kuifungua kiangazi majani yanapokwisha kwingine. Ardhi ikapumzika, na visiki vya migunga vikachipua vyenyewe.

Desturi hiyo si ngeni katika dini yetu. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliyatenga malisho ya Naqi', karibu na Madina, yakawa hima. Naye Sayyidna Umar (r.a.), katika hima yake, alimwagiza msimamizi awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, wala asiwatangulize matajiri, kwani tajiri mifugo yake ikifa, bado ana mitende na mashamba ya kurejea.

Hapo ndipo penye mtihani wetu. Leo ipo ngitili inayofunguliwa kabla ya wakati kwa kuwa mwenye kundi kubwa ana haraka, na ipo inayogeuzwa mkaa. Mjane mwenye mbuzi wawili hufika akakuta vumbi. Tukisimama katika Swala ya kuomba mvua ilhali tumemnyima mjane huyo majani yaliyokwisha kuota, twaomba nini?

Sisi wa kamati ya msikiti twapendekeza mambo mawili. Ngitili isifunguliwe mpaka wazee wa dagashida waridhie. Na siku ya kufunguliwa, wenye mifugo michache watangulie. Wenye makundi makubwa tuwe na subira. Kuchelewa siku chache hakutatufilisi.