Kompyuta Moja, Kazi Mbili: Hesabu za Kucheza na Kutangaza kwa Wakati Mmoja

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo huonekana kusibu kila mara kijana anapofungua mchezo wa kandanda au wa mbio za magari katika kompyuta yake, kisha akaiamuru mashine hiyo hiyo iurushe mchezo wake mubashara kwa watazamaji walio mbali. Kwa dakika chache za mwanzo mambo huenda vizuri. Halafu mchezo huanza kukwama, na watazamaji nao huona picha zinazorukaruka. Watazamaji huondoka, na data iliyonunuliwa kwa fedha huwa imeteketea bure.

Utangazaji wa namna hii si jambo la jana. Tovuti ya Justin.tv ilianza mwaka 2007, ikazaa Twitch mwezi Juni 2011. Na programu ya OBS, ambayo hutolewa bure na hutumiwa mno kwa kazi hii, ilianza kutolewa mwaka 2012. Katika miaka hiyo ya mwanzo watangazaji wenye uwezo walitumia kompyuta mbili: moja ya kuchezea na nyingine ya kutangazia. Wengi wangali wanaamini kwamba hiyo ndiyo njia pekee, au kwamba dawa ya kukwama ni kununua mashine ya ghali zaidi. Imani hiyo haina msingi imara. Mara nyingi kompyuta moja ya kadiri inatosha, ilimradi mwenyewe aelewe kazi hizo mbili zinagombea nini, na akubali kuinyima moja kidogo ili nyingine ipate.

Muda wa fremu moja

Picha inayotembea katika kioo cha kompyuta ni mfululizo wa picha tuli, na kila moja huitwa fremu. Mchezo unaoonyesha fremu 60 kwa sekunde hauna budi kuitayarisha kila fremu kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, yaani milisekunde 16.7 hivi. Ndani ya muda huo prosesa kuu hukokotoa mpira uko wapi, mchezaji yupi amegeuka, na kipenga kimelia au la. Kisha prosesa ya michoro hupokea maagizo hayo na kupaka rangi, vivuli na nyasi. Ikichelewa, fremu iliyotangulia hubaki kiooni, na jicho hutambua mkwamo.

Kazi ya kutangaza huanzia pale kazi ya kuchora inapokoma. Programu ya kutangaza huinakili fremu iliyokwisha kuchorwa, huiunganisha na sura ya mtangazaji itokayo katika kamera, huisimba, kisha huituma katika intaneti. Haya yote nayo hayana budi kutimizwa mara 60 kwa sekunde, wakati mchezo wenyewe umekwisha kuanza kuchora fremu inayofuata.

Neno kusimba lahitaji maelezo, maana ndilo lenye uzito. Fremu yenye pikseli 1,920 kwa 1,080 ina jumla ya pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikielezwa kwa biti 24, fremu moja ni biti 49,766,400. Na fremu 60 ni biti 2,985,984,000, karibu gigabiti 3 kwa kila sekunde. Mkondo huo haupiti katika intaneti ya nyumba ya kawaida. Kiwango ambacho Twitch imekuwa ikikipendekeza kwa picha za ukubwa na kasi hiyo ni megabiti 6 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba katika kila biti 500 hivi, moja tu ndiyo inayosafirishwa.

Hizo nyingine zinakwenda wapi? Nyingi hazikuwa na habari mpya. Kiwanja cha mpira cha fremu hii ni kile kile cha fremu iliyopita, ila kimesogea kidogo. Kwa mujibu wa kanuni ya H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003, fremu hugawanywa katika vipande vya pikseli 16 kwa 16, na kwa kila kipande kisimbaji hutafuta, katika fremu nyingine, sehemu inayofanana nacho. Ikipatikana, huandikwa tu kwamba sehemu ile ichukuliwe na isogezwe pikseli kadhaa upande fulani. Tofauti ndogo inayobaki hupitishwa katika hesabu zilizotokana na badiliko la kosaini, ambalo Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao walilichapisha mwaka 1974. Hesabu hizo hutenganisha mabadiliko makubwa ya mwanga na yale madogo madogo ambayo jicho haliyajali sana, na hayo madogo ndiyo yanayotupwa kwanza.

Kisimbuzi cha televisheni, ambacho wengi hukiita king'amuzi, hufanya kinyume cha kazi hii kila jioni, nacho ni kijisanduku tu cha bei nafuu. Yafaa mwanafunzi ajiulize kwa nini. Kisimbuzi huambiwa kipande kitolewe wapi. Kisimbaji ndicho kinachopaswa kukitafuta, kwa kulinganisha na kupima sehemu nyingi kabla ya kuamua. Kuelekezwa nyumba ya mtu na kuitafuta nyumba hiyo mtaa mzima si kazi moja.

Utafutaji huo waweza kufanywa na prosesa kuu kwa kutumia programu kama x264, au waweza kuachiwa saketi maalumu iliyochongwa ndani ya prosesa kwa kazi hiyo peke yake. Intel ilianza kuuza prosesa zenye saketi ya aina hiyo mwaka 2011, na kadi za michoro za NVIDIA na AMD zikafuata mwaka 2012. Saketi za mwanzo zilitoa picha hafifu, na ndiyo sababu kompyuta mbili zilidumu. Zile za miaka ya karibuni zimepunguza mno tofauti hiyo. Kwa mtu mwenye mashine moja, saketi maalumu karibu kila mara ndiyo chaguo la busara. Programu ya prosesa kuu, ikipewa muda mrefu wa kutafuta, huweza kutoa picha nzuri zaidi kidogo, lakini hula nguvu zile zile ambazo mchezo unazihitaji.

Foleni na akiba

Hapa ndipo wengi hutatizika. Wamekwisha kuchagua saketi maalumu, prosesa kuu haijachoka, na bado matangazo yanakwama. Sababu ni kwamba kuiunganisha fremu na sura ya kamera, kabla ya kuisimba, bado ni kazi ya prosesa ya michoro. Na mchezo ulioachwa bila mpaka huichukua prosesa hiyo yote. Ikiweza kuchora fremu 90 kwa sekunde, itachora 90. Kipimo cha matumizi kitasoma asilimia 99, na mwenye mashine atafurahi kwamba hakuna kinachopotea.

Furaha hiyo ni ya udanganyifu. Mwaka 1909 A. K. Erlang, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, Denmark, alichapisha uchunguzi wake juu ya wingi wa simu zinazopigwa. Kutokana na kazi hiyo ilichipuka nadharia ya foleni. Katika hali iliyo rahisi kuliko zote, yenye mhudumu mmoja na wateja wanaofika kwa nasibu, wastani wa muda ambao mteja hukaa tangu kufika hadi kuondoka ni muda wa huduma ukigawanywa kwa sehemu ya muda ambayo mhudumu hana kazi. Mhudumu akishughulika asilimia 50 ya muda, mteja hukaa mara 2 ya muda wa huduma. Akishughulika asilimia 80, ni mara 5. Asilimia 90, mara 10. Asilimia 95, mara 20. Fremu hazifiki kwa nasibu kama wateja wa simu, hivyo tarakimu hizo zisichukuliwe kuwa kipimo halisi cha kompyuta. Lakini umbo la mchirizo ndilo hilo hilo. Anayekaribia kujaza mia kwa mia huongeza kungoja kuliko anavyoongeza kazi.

Dawa yake, ambayo huwashangaza vijana, ni kuuwekea mchezo mpaka. Ichukuliwe kwamba prosesa ya michoro huchora fremu moja kwa milisekunde 11.1, na hivyo ingeweza kutoa fremu 90. Mchezo ukizuiwa usipite fremu 60, kuchora kutachukua milisekunde 666 za kila sekunde, na milisekunde 334 zitabaki. Ikiwa kuunganisha fremu moja ya matangazo kunahitaji milisekunde 2, jumla ni milisekunde 120 tu. Kazi zote mbili zimetoshea, na akiba imebaki kwa ajili ya dakika ile ambapo mlipuko au mvua ya mchezoni inapoifanya fremu kuwa nzito.

Mpaka wenyewe uchaguliwe kwa akili. Mchezo wa fremu 75 ukirushwa kwa fremu 60, katika kila fremu 5 moja hutupwa, na mwendo huonekana kama wa mtu anayechechemea. Mpaka wa 60 au 120 hauna kasoro hiyo. Ni kweli kwamba wachezaji wa mashindano hupenda fremu nyingi, kwa kuwa kidole kikibonyeza, matokeo huonekana mapema zaidi kwa milisekunde chache. Hao wapunguze ubora wa vivuli na nyasi badala ya idadi ya fremu. Akiba haina budi kutoka mahali fulani.

Joto nalo humo humo

Umeme unaotumiwa na transista zinapofanya kazi huongezeka kwa uwiano na kasi yake na kwa mraba wa volteji. Na kasi ikipandishwa, volteji nayo kwa kawaida hupandishwa. Hivyo ongezeko dogo la kasi huleta ongezeko kubwa la joto. Mapezi ya chuma na feni hupoza kwa kutegemea tofauti ya jotoridi kati ya prosesa na hewa ya chumbani. Chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32 mwezi Februari huipandisha prosesa kwa nyuzi 12 hivi kuliko chumba chenye nyuzi 20, kwa kazi ile ile. Ikikaribia nyuzi 100, prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Ndiyo maana mashine huanza vizuri na kulegea baadaye. Vumbi likisafishwa na mchezo ukiwekewa mpaka, mara nyingi tatizo hili hukoma bila gharama yoyote.

Njia ya kutokea nyumbani

Kompyuta ikishamaliza kazi yake, biti husafiri. Intaneti nyingi za majumbani hupewa njia pana ya kupokea na nyembamba ya kutuma, na mtangazaji hutegemea hiyo nyembamba. Mwenye uwezo wa kutuma megabiti 4 kwa sekunde akilazimisha 6, fremu zitapotea hata kama mashine yake ni bora kuliko zote mjini. Ni afadhali kiwango cha kutuma kiwe chini ya uwezo wa njia kwa sehemu ya kutosha, kwa sababu ile ile ya foleni, na waya utumike badala ya mtandao wa hewani panapowezekana.

Kosa la kawaida ni kung'ang'ania picha kubwa. Megabiti 6 zikigawanywa kwa pikseli za fremu 60 zenye upana wa 1,920, kila pikseli hupata biti 0.048. Megabiti 3 zikigawanywa kwa fremu 30 za pikseli 1,280 kwa 720, ambazo ni pikseli 27,648,000 kwa sekunde, kila pikseli hupata biti 0.109, zaidi ya mara mbili. Picha ndogo iliyo safi ni bora kuliko kubwa iliyojaa mabaka, hasa katika mchezo wenye msitu, mvua au magari yaendayo kasi, ambamo kisimbaji hakipati vipande vingi vya kufanana. Na gharama hupungua: saa moja ya megabiti 6 hula gigabaiti 2.7, ilhali megabiti 3 hula 1.35. Kwa anayenunua data kwa kifurushi, hesabu hiyo si ndogo. Mwalimu atakayetaka kurusha somo la majaribio kutoka maabara ya shule ataona kwamba tarakimu ni hizo hizo.

Kutafuta ugonjwa kabla ya dawa

OBS huonyesha fremu zilizopotea kwa makundi matatu: zilizochelewa kuunganishwa, zilizochelewa kusimbwa, na zilizokwama katika mtandao. Kundi la kwanza hunyoosha kidole kwa prosesa ya michoro, na dawa yake ni mpaka wa fremu. La pili huonyesha kisimbaji kilichopewa kazi nzito mno. La tatu ni la intaneti, na hakuna kadi ya michoro duniani itakayoliponya. Kama ilivyo katika maabara, kitu kimoja tu kibadilishwe kwa kila jaribio. Anayebadili vitano kwa pamoja hata akifaulu hajui kilichomfaulisha.

Jaribio la dakika mbili halifai, kwa kuwa joto halijajikusanya. Nusu saa ya mchezo mzito, ikirekodiwa katika diski badala ya kutumwa, itaonyesha tabia ya mashine bila kula data. Intaneti ipimwe kwa jaribio la pekee, na kwa saa ile ile ambayo matangazo yatafanyika, kwani njia iliyokuwa nyeupe asubuhi huweza kujaa saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umerudi nyumbani.