Ngao ya Papa Inasema Nini?

Mkulima wa Lushoto anayepeleka karoti au kabichi sokoni hutia alama kwenye gunia lake. Hata asiyejua kusoma hulitambua. Atasema, "Hili langu, lile la jirani."

Zamani huko Ulaya mambo yalikuwa hivyo hivyo. Wapiganaji walijifunika chuma mpaka usoni, wasijulikane ni nani. Basi wakachora alama kwenye ngao zao. Baadaye maaskofu na mapapa nao wakawa na ngao, wakazitumia kama mhuri wa barua zao.

Katika madarasa yetu ya kisomo wamo Waislamu, Walutheri na Wakatoliki. Hatuhubiri dini hapa. Tunataka sote tuweze kuisoma picha hii.

Hebu tuanze na funguo. Nyuma ya ngao ya Papa pana funguo mbili zilizopishana, mmoja wa dhahabu na mmoja wa fedha. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anamwahidi Petro funguo za ufalme wa mbinguni. Wakatoliki wanaamini kwamba Papa anashika nafasi ya Petro. Lakini tukumbuke, anayepewa funguo za ghala si mwenye ghala. Ni mtunzaji tu, na siku moja ataulizwa.

Juu ya ngao zamani palichorwa taji lenye ngazi tatu, kama la mfalme. Mwaka 2005 Papa Benedikto wa 16 aliliacha, akaweka kofia ya askofu.

Ndani ya ngao kila Papa huweka alama zake mwenyewe. Wengi wetu tunamkumbuka Papa Yohane Paulo wa Pili. Alifika Tanzania Septemba 1990, akatembelea Dar es Salaam, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi. Ngao yake ilikuwa ya buluu, yenye msalaba wa dhahabu. Chini ya mkono mmoja wa msalaba palikuwa na herufi M. Ni Maria, aliyesimama chini ya msalaba wa mwanawe. Kaulimbiu yake kwa Kilatini ilikuwa Totus Tuus, yaani "Mimi ni wako kabisa." Maneno hayo alimwambia Maria.

Papa Leo wa 14 alichaguliwa Mei 2025. Ngao yake imegawanywa mshazari. Upande mmoja, wa buluu, una ua jeupe la yungiyungi, alama ya Maria. Upande wa pili una kitabu, na juu yake moyo uliochomwa mshale. Hiyo ni alama ya shirika la Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa katika nchi tunayoiita leo Algeria. Kaulimbiu ya Papa Leo inasema kwamba katika Kristo aliye mmoja, sisi ni wamoja.

Kaulimbiu ni ahadi. Mtu akishaiandika chini ya ngao yake, kila ajuaye kusoma anaweza kumpima kwayo. Nasi Watanzania tunayo ngao, na ahadi yetu ni Uhuru na Umoja. Je, kijijini kwetu tunaitimiza?

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mtunza ghala huulizwa habari za funguo?
2. Ngao ya Taifa ina mwenge, mkuki, shoka na jembe. Kwa nini jembe liliwekwa?
3. Kikundi chenu kingechora ngao yake, mngeandika ahadi gani?