Nyama za Puani: Tusihukumu Kabla ya Vipimo



Tulipokuwa Mlola, katika milima ya Usambara, mzee mmoja alituletea kijana wake baada ya swala ya Alasiri. Tundu moja la pua lilikuwa limeziba kwa miezi kadhaa, na damu ikimtoka. Waliosema ni mafua ya baridi walimpa dawa, na waliosema ni jini walimsomea. Mwisho kinyama kikakatwa na kutupwa, kisha kikaota tena. Mzee akauliza: tuendelee kumsomea au tumpeleke hospitali? Na udhu wake je?

Ugumu wa maradhi haya ni kwamba mengi yanafanana kwa nje. Nyama laini zinazotokana na mzio mara nyingi huziba pande zote mbili. Kinyama chekundu chenye vidoa vyeupe huenda kikawa rinosporidiosisi, maradhi yanayohusishwa na maji yaliyotuama. Kwa kijana wa kiume anayebaleghe, panaweza kuwa na uvimbe wa mishipa ya damu, na kuukata ovyo huleta damu nyingi ya hatari. Kwa mtoto mchanga, uvimbe unaweza kuwa utando wa ubongo ulioshuka puani. Na saratani nayo huanza taratibu, kama mafua tu.

Kwa hiyo daktari huchungulia ndani ya pua, hupiga picha ya CT kuona uvimbe umefika wapi, kisha huamua kama ni salama kuchukua kipande. Jina la maradhi huthibitishwa kwa darubini. Kinyama kilichokatwa kisitupwe: kiwekwe kwenye formalini, kipelekwe maabara, na familia idai majibu yake. La sivyo, mgonjwa hurudi mwanzo.

Ama upande wa sheria, kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, lakini hakuzuii tiba. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ameamrisha kujitibu. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha, ikatoa harufu mbaya. Mtume akamuamuru aweke ya dhahabu, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Angalieni namna dharura ya mgonjwa ilivyozingatiwa.

Kuhusu udhu, katika madhehebu yetu ya Shafi'i kupandisha maji puani ni sunna, si faradhi, kwenye udhu na hata kwenye josho. Anayedhurika aache, na udhu wake ni sahihi. Damu ya pua haitengui udhu, bali huoshwa kwa kadiri ya uwezo.

Tukamwambia mzee: msomee usiku huu, na asubuhi mteremke Lushoto, muombe rufaa ya kwenda Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. Nanyi ndugu zetu wa Unguja na Pemba, pua ikiziba upande mmoja kwa wiki kadhaa, ikitoka damu, uso ukivimba au jicho likisogea, msingoje. Muoneni daktari wa masikio, pua na koo.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wallaahu A'lam.