Vyuo vya Marekani na Maisha ya Kiyahudi (2): Chuo Kinachomfaa Mwanafunzi wa Wastani

Familia ya Kiyahudi ya Marekani inapomtafutia mtoto chuo huwa na haja mbili kwa pamoja: chuo kimpokee kwa alama alizonazo, na huko aendako aweze kubaki Myahudi bila kuhangaika. Kwa kijana mwenye alama za juu kabisa haja hizo hukutana bila taabu, maana vyuo mashuhuri kama Columbia, Cornell na Pennsylvania vina Wayahudi wengi wenye taasisi zilizokomaa. Wanaosahaulika ni walio wengi: kijana wa alama za B na C kadhaa, mwenye bidii ya kawaida, ambaye wazazi wake wanahesabu kila dola. Mara nyingi huyu ni wa wastani katika dini vilevile. Ijumaa usiku hukaa mezani na jamaa zake, hufunga Siku ya Upatanisho, hali nguruwe, lakini hasali mara tatu kwa siku. Akienda chuo ambako hakuna kinachomkumbusha, desturi hizo humponyoka moja baada ya nyingine ndani ya mwaka mmoja, bila yeye kuamua kuziacha.

Uhusiano wa Wayahudi na vyuo vya Marekani una jeraha la zamani. Mwaka 1922 mkuu wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alipendekeza waziwazi kwamba idadi ya wanafunzi wa Kiyahudi iwekewe kikomo, kwa kuwa walikuwa wamefika kama moja ya tano ya chuo. Pendekezo lilipingwa kwa kelele nyingi, lakini kikomo chenyewe kilipitia mlango wa nyuma, Harvard na kwingineko, kwa njia ya fomu zilizouliza ukoo na mahojiano yaliyopima "tabia" ya mwombaji. Watoto wa wahamiaji waliofungiwa mlango walijaa City College ya New York, chuo cha umma ambacho hakikutoza ada. Mwaka 1948, katika mji wa Waltham, Massachusetts, Wayahudi walifungua chuo kikuu kisicho cha dini wala kikomo, wakakipa jina la Louis Brandeis, Myahudi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Brandeis ilianza na wanafunzi 107 tu. Leo vikomo hivyo vimekwisha, na Brandeis yenyewe imekuwa chuo kinachochagua sana, kiasi kwamba mwanafunzi wa wastani hawezi kukitegemea.

Ndani ya vyuo vya watu wote, maisha ya Kiyahudi hubebwa na taasisi ambazo mzazi hana budi kuzitofautisha. Ya kwanza ni Hillel. Ilianzishwa mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois na rabi kijana, Benjamin Frankel, na mwaka uliofuata ikachukuliwa na chama cha B'nai B'rith. Jina ni la Hillel, mwalimu wa Torati aliyeishi Yerusalemu zama za Herode. Leo ipo katika mamia ya vyuo, na kanuni yake ni kuwapokea Wayahudi wa madhehebu yote na wasio na dhehebu. Katika jengo kubwa la Hillel, Ijumaa jioni huweza kuwa na sala tatu katika vyumba vitatu, ya Waorthodoksi, ya Wakonservativu na ya Wareformu, kisha wote wakakutana kwenye chakula kimoja. Katika chuo kidogo, Hillel huweza kuwa chumba kimoja na mfanyakazi wa muda. Jina kwenye orodha, basi, halielezi lolote mpaka mtu afike aone.

Chabad ni namna nyingine kabisa. Ni kazi ya kundi la Kiorthodoksi la Wahasidi wa Lubavitch wa Brooklyn, ambao kiongozi wao, Menachem Mendel Schneerson, alituma mume na mke kuhamia jirani na chuo na kuishi huko. Nyumba ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa mwaka 1969 karibu na UCLA, Los Angeles. Rabi na mkewe hupika, watoto wao hukimbia katikati ya miguu ya wageni, na mwanafunzi aliyezoea bwalo la chuo hujikuta kwenye nyumba yenye mama, supu na kelele. Wafanyakazi wa Hillel huja na kuondoka, lakini mume na mke wa Chabad huweza kukaa hapohapo miaka thelathini. Upungufu wake ni kwamba mambo yote hutegemea familia moja, na ibada ni ya Kiorthodoksi: hesabu ya minyani, yaani watu kumi wanaohitajika ili sala ya jamaa isaliwe, ni ya wanaume tu. Binti aliyelelewa katika sinagogi ya Wareformu, akasoma Torati mbele ya watu, atakula vizuri kwa Chabad lakini ibadani hatapata nafasi aliyoizoea. Chuo chenye Hillel na Chabad, zote mbili zikiwa hai, humpa mwanafunzi wa wastani nafasi ya kuchagua kadiri anavyokua.

Zipo pia jumuiya za kindugu za wanafunzi. Zeta Beta Tau ya mwaka 1898 na Alpha Epsilon Pi ya mwaka 1913 ziliundwa wakati jumuiya za Wakristo zilipowakataa Wayahudi. Katika baadhi ya vyuo ndizo moyo wa maisha ya Kiyahudi, kwingine ni nyumba za sherehe zenye jina la Kiyahudi tu.

Kosa linalorudiwa sana ni kupima uhai kwa idadi au asilimia. Chuo chenye Wayahudi elfu nne kati ya wanafunzi elfu arobaini kina asilimia kumi tu, lakini elfu nne ni mji mdogo: watajaza sala za namna zote. Chuo chenye Wayahudi mia nne kati ya elfu mbili kina asilimia ishirini, na huko kila mtu ana rafiki Myahudi, ila huenda minyani ikakosa mtu wa kumi. Vyuo vya jiji la New York vinafundisha jambo la tatu. Queens College ina Wayahudi wengi na imezungukwa na mitaa ya Waorthodoksi, lakini wanafunzi wake wengi hulala kwao. Ijumaa mchana kila mmoja anapanda basi kwenda kwa wazazi. Kwa kijana anayeipenda nyumba yao hilo ni jema, tena ni nafuu. Kwa anayetaka kuishi chuoni, palipojaa Jumatano patakuwa patupu Ijumaa.

Kipimo cha kweli, basi, ni wiki ya kawaida, na jikoni ndipo pa kuanzia. Chakula cha kosheri si nyama iliyochinjwa kwa sheria peke yake: nyama na maziwa havikutani, kwa hiyo sufuria, sahani na sinki huwa mara mbili, na msimamizi wa dini hukagua. Vyuo vingi hudai kuwa na chakula cha kosheri kumbe ni pakiti iliyogandishwa inayopashwa moto kwa kuombwa. Mfano mzuri wa kinyume chake ni Muhlenberg, chuo kidogo cha Allentown, Pennsylvania, chenye uhusiano na kanisa la Kilutheri. Ndani ya bwalo kuu la chuo kuna jiko la kosheri lenye upande wa nyama na upande wa maziwa. Anayeshika kosheri hachukui sinia na kwenda kula peke yake kwenye jengo la mbali. Anakaa na wenzake wa bwenini, Wayahudi na wasio Wayahudi, na hata wale wasiojali kosheri hupanga foleni hapo chakula kikinukia. Dartmouth, huko New Hampshire, iliweka jiko la kosheri na halali pamoja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Wayahudi na Waislamu wakala chini ya dari moja.

Baada ya jiko huja mlango. Sabato huanza jua linapozama Ijumaa na kuisha nyota zikitokeza Jumamosi, na kwa anayeishika sawasawa umeme haugusiki. Bweni la leo hufunguliwa kwa kadi ya elektroniki, taa za ukumbini huwaka zenyewe mtu akipita, na chumba kiko ghorofa ya tisa. Mwanafunzi anarudi kutoka sinagogi usiku wa baridi, anasimama nje akisubiri mtu mwingine afungue ndipo aingie nyuma yake. Chuo kilichozoea Wayahudi humpa ufunguo wa chuma na chumba cha ghorofa ya chini, wala hakuna anayemshangaa anapoomba. Kubeba kitu barabarani siku hiyo nako kumekatazwa, hata ufunguo mfukoni, isipokuwa ndani ya eruvi, mpaka unaotengenezwa kwa nguzo na waya kuzunguka mtaa. Chuo Kikuu cha Maryland, College Park, kina eruvi kama hiyo. Kwa asiyeshika Sabato kwa ukali huo waya huo una maana pia: palipo na eruvi pana familia zilizoamua kuishi hapo kwa kudumu.

Lakini jambo linalomgusa mwanafunzi wa wastani kuliko yote ni kalenda, na ndilo linaloulizwa kidogo. Sikukuu za vuli, kuanzia Mwaka Mpya wa Kiyahudi, Siku ya Upatanisho na Sikukuu ya Vibanda hadi siku zake za mwisho, zina siku saba ambazo mshika dini hafanyi kazi wala haandiki. Kwa kawaida huangukia Septemba na Oktoba, muhula ukiwa bado mchanga. Mwanafunzi mwenye kipaji hukosa siku saba akafidia kwa usiku mmoja wa kusoma. Wa wastani hukosa msingi wa hesabu za muhula mzima. Vyuo vya umma vya jiji la New York havifundishi siku za Mwaka Mpya na Upatanisho, na sheria ya elimu ya jimbo hilo inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa darasa au mtihani alioukosa kwa ajili ya dini. Kwingine mambo hutegemea moyo wa mwalimu. Hata saa za vipindi zina uzito: huko Boston mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na nusu, na kipindi cha maabara cha Ijumaa kinachoisha saa kumi na moja tayari kimeingia Sabato.

Wapo wanaodhani jibu ni chuo cha Kiyahudi chenyewe. Yeshiva University ya New York, yenye mizizi ya mwaka 1886, haina tatizo la jiko, mlango wala kalenda. Hata hivyo mpango wake ni wa masomo mawili kwa siku moja, Talmudi na Torati, kisha sayansi, biashara au fasihi. Kwa aliyelelewa katika shule za namna hiyo mzigo huo ni desturi. Kwa kijana wa shule ya serikali ambaye somo moja tu linamtoa jasho, ni mzigo wa kupimwa kwa makini.

Jibu la wengi liko kwenye vyuo vikuu vya majimbo, na hapa tamaa ya majina makubwa imewapotosha wazazi wengi. Rutgers ya New Jersey ina maelfu ya Wayahudi, Hillel yenye jengo lake na Chabad kubwa. Indiana, katika mji wa Bloomington, imekuwa makao ya masomo ya Kiyahudi kwa miongo mingi. Chuo Kikuu cha Arizona na kile cha Kansas hupokea sehemu kubwa ya waombaji, na vyote viwili vina Hillel zenye nguvu. Kansas hasa ni funzo: jimbo lina Wayahudi wachache, lakini vijana wa Kansas City na Chicago wamefanya jumuiya ya Lawrence, mji wa chuo hicho, ichangamke kuliko za vyuo vingi vya pwani. Towson, nje kidogo ya Baltimore, iko karibu na mojawapo ya jamii kubwa za Waorthodoksi nchini, kwa hiyo mwanafunzi huweza kualikwa Sabato kwenye nyumba za watu. Temple ya Philadelphia, Albany ya New York na vyuo vya umma vya Florida kusini vinastahili kutazamwa kwa sababu hizohizo.

Ada huamua mengi. Chuo cha jimbo humtoza mgeni kutoka jimbo jingine mara mbili au tatu ya anachotozwa mwenyeji, na mpango wa chakula cha kosheri huweza kuongeza gharama. Vyuo vidogo vya binafsi hutangaza ada ya kutisha kisha hupunguza sana kwa wanaowataka, hivyo haifai kuvifuta kabla ya barua ya msaada kufika. Njia nyingine ni kukaa nyumbani miaka miwili katika chuo cha jamii, kusafisha alama, kisha kuhamia chuo cha jimbo.

Tangu shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 na vita vya Gaza, wazazi huanza na swali la usalama. Habari kubwa zilitoka vyuo vichache mashuhuri, ambavyo mwanafunzi wa wastani hakuwa akiviomba. Linalofaa kuulizwa kila mahali ni uongozi ulifanya nini mara ya mwisho mwanafunzi Myahudi alipolalamika, na kwa muda gani. Swali la pili ni kama nyumba ya Kiyahudi ina nafasi kwa vijana wenye misimamo tofauti kuhusu Israel. Hilo limewahi kugawa Hillel yenyewe, na mwaka 2015 wanafunzi wa chuo cha Swarthmore waliacha jina la Hillel kwa sababu hiyo.

Ziara ya chuo hupangwa Jumanne mchana, na Jumanne mchana vyuo vyote hufanana. Afadhali kufika Alhamisi, kulala bwenini kwa mwanafunzi aliyepo, na kuondoka Jumapili. Ijumaa jioni mgeni ahesabu waliokuja, aangalie wangapi ni wa mwaka wa kwanza na wangapi wa mwaka wa nne, kwa kuwa nyumba inayojazwa na wa mwaka wa kwanza peke yao ni nyumba wanayoionja na kuiacha. Atazame pia nani anaongoza sala, nani anagawa mkate, na baada ya chakula nani anabaki kukunja meza: wafanyakazi wa kulipwa, au wanafunzi wenyewe.