Mto Sio na Mpango wa Miaka 10

Mwenye shamba karibu na mto Sio, huku Mundika, ajua jinsi kiangazi kinavyomshawishi: maji hupungua, udongo mweusi wa bondeni huonekana, na jembe hutamani kushuka. Lakini kwa Katiba ya mwaka 2010 mto ni ardhi ya umma. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaiagiza kila kaunti iwe na mpango wa ardhi wa miaka 10, utazamwe upya kila miaka 5.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Mafunjo yakikatwa na mizizi ikaachwa, huota tena, na wasukaji wa mikeka hurudi kuvuna. Bonde likikaushwa kwa mifereji, mafunjo hufa, na udongo uliokuwa ukizuiwa nayo huteremka hadi Ziwa Victoria. Mavuno ya kwanza, tuseme kweli, huwa mazuri sana. Hasara huja baadaye.

Jambo lililo gumu zaidi ni kuwa huko chini mto huo ndio mpaka wa Kenya na Uganda, na kinamasi cha Sio-Siteko kimekaa pande zote mbili. Busia moja haiwezi kulinda maji yanayokaushwa na Busia ya pili. Wananchi wanayo haki ya kushiriki katika mpango huo. Basi kabla ramani haijachorwa, mwenye shamba na afike barazani aulize shamba lake lakoma wapi, na bonde la umma laanzia wapi.