Mkataba wa Kujenga Jengo la Biashara

Mtu atakaye kujenga maduka au nyumba ya ofisi kwa fedha za mkopo yampasa kujua ya kuwa benki haingojei ukuta ukauke. Riba huanza kuhesabiwa siku fedha zinapotolewa, nayo kodi ya wapangaji haiji mpaka milango ipachikwe. Kwa hiyo kila juma linalopotea kiwanjani lina bei yake, na mkataba ndio unaosema ni nani atakayeilipa.

Jengo la Empire State katika mji wa New York, Marekani, husifiwa sana kwa kujengwa upesi. Kazi ya kujenga ilianza tarehe 17 Machi 1930, na jengo hilo la orofa 102 likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Wengine hudhani siri ilikuwa wingi wa watu, na kweli siku nyingine wafanya kazi walizidi 3,000. Lakini watu 3,000 wasio na mpango ni kama soko tu. Wakandarasi, Starrett Brothers and Eken, walipanga mapema kila boriti ya chuma itafika lini na itawekwa mahali gani, na kila boriti ilitiwa alama yake kabla ya kuletwa, kwa maana katikati ya mji ule hapakuwa na uwanja wa kulundika vitu. Katika orofa walitandika reli ndogo za kusukumia magari ya vifaa. Hata mikahawa waliifungua humo humo jengoni, ili watu wasipoteze saa wakishuka kwenda kula. Waashi waliwafuata mafundi wa chuma, na wa mabomba na umeme wakawafuata waashi. (Wapangaji ndio waliochelewa! Biashara ya dunia ilikuwa imeanguka, na jengo likakaa miaka mingi pasipo faida.)

Kinyume chake ni jumba la Opera la Sydney, Australia. Hilo si jengo la biashara, lakini mfano wake wafaa. Kazi ilianzishwa mwaka 1959 kabla ramani za paa hazijakamilika. Baadaye ilionekana ya kuwa nguzo zilizokwisha kujengwa hazingeweza kuchukua uzito wa paa, zikabomolewa na kujengwa upya. Jumba lilitazamiwa kumalizika kwa miaka 4, nalo lilifunguliwa mwaka 1973. Gharama iliyokadiriwa kuwa kama dola milioni 7 za nchi ile ikafika milioni 102.

Basi, mwenye jengo asitie sahihi kabla ramani hazijakamilika, pamoja na hati ya vipimo inayoonyesha kila kazi, kiasi chake na bei yake. Hati hii ndiyo mizani ya malipo. Mkandarasi akisema amemaliza nusu ya kuta, mpimaji huenda kupima, kisha msanifu wa jengo hutoa cheti cha kiasi kinachostahili kulipwa. Kulipa fedha nyingi kabla ya kazi ni hatari iliyo wazi. Lakini kuchelewesha malipo ya cheti kilichokwisha kutolewa nako ni hatari, kwa sababu mkandarasi asiyelipwa hawezi kuwalipa mafundi, na mafundi wasiolipwa Jumamosi hawaonekani Jumatatu.

Jambo linalowasumbua watu zaidi ni fidia ya kuchelewa. Mkataba hutaja tarehe ya kumaliza, na kiasi ambacho mkandarasi atakatwa kwa kila juma litakalopita. Kiasi hicho kikadiriwe kwa hasara ambayo mwenye jengo anaweza kuitazamia kwa haki, kama vile kodi na riba. Kikiwekwa kikubwa mno ili kumtisha mkandarasi, mahakama yaweza kukikataa.

Tena kuwe na kifungu cha kumwongezea mkandarasi siku. Wengi hudhani kifungu hiki ni huruma kwa mkandarasi, kumbe humlinda mwenye jengo vilevile. Tuseme mwenye maduka anabadili mpango wa ngazi wakati kazi inaendelea, na kazi inasimama majuma matatu. Ikiwa mkataba hauna njia ya kuongeza siku hizo, basi kwa kanuni za sheria ya Uingereza, ambazo Kenya inazifuata katika mambo ya mikataba, tarehe ya kumaliza huanguka. Mkandarasi atatakiwa kumaliza katika muda wa kiasi tu, na ile fidia ya kila juma haidaiki tena. Mabadiliko yote na yaandikwe siku ile ile, pamoja na bei yake na siku zitakazoongezwa.

Kabla ya hayo yote, mkandarasi achunguzwe. Katika Kenya, sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huandikisha wakandarasi katika madaraja 8. Daraja huonyesha ukubwa wa kazi ambayo mtu ameruhusiwa kuifanya. Cheti chake na kitazamwe, na majengo aliyoyajenga yatembelewe, hasa wakati wa mvua.

Mwisho ni fedha za kuzuiwa. Katika kila malipo mwenye jengo hubakiza sehemu ndogo, mara nyingi asilimia 5 au 10. Jengo likikabidhiwa, nusu ya akiba hiyo hulipwa. Nusu ya pili hungoja miezi iliyotajwa katika mkataba, ambayo mara nyingi ni 6 au 12, na mkandarasi huipokea akiisha kuziba nyufa na kurekebisha mabomba yanayovuja.